Viazi Vilivyolala Vikigusana

Kila asubuhi Fortunata aliamka kabla ya jua, akavunja barafu iliyoganda juu ya ndoo, akamimina maji kwenye sufuria na kuwasha moto wa samadi kavu ya lama. Maji yakichemka alikoroga uji wa kinoa, nafaka ya milima ile. Bakuli la kwanza alimpelekea mama yake kitandani, la pili alimpa mdogo wake Wilmer, na kilichobaki alikila yeye akiwa amesimama, maana ukikaa unasikia baridi zaidi. Kisha aliwafungulia kondoo wanane, akafagia, akarudi kumsaidia mama kugeuka.

Mama yake, Saturnina, alikuwa mwanamke wa miraba minne asiyejua kulala mchana. Sasa alikuwa amelala mchana na usiku. Mguu wake wa kulia ulikuwa umefungwa plasta tangu mwanzo wa Juni, alipoteleza kwenye barafu ya chemchemi, na zahanati ilikuwa imemwambia asiukanyagie mpaka Agosti. Baba alikuwa amekwenda ng'ambo ya mpaka kufanya kazi kwenye mgodi wa shaba. Tangu sherehe za Februari hakuwa amepiga simu. Mwezi huohuo wa Februari mvua ya mawe ililala juu ya shamba lao saa nzima, na mavuno yakapungua nusu. Mtoto wa miaka kumi na mitatu akiyajumlisha mambo hayo, haoni mahali pa kushika.

Kilichobaki kilikuwa magunia saba ya viazi vichungu, vile ambavyo haviliwi hivihivi. Lazima vigandishwe na jalidi, ile barafu nyeupe inayotanda usiku majira ya baridi, vikanyagwe kwa miguu mitupu mpaka maji na maganda yatoke, kisha vikaushwe juani mpaka viwe vyepesi kama vipande vya ukuni. Hapo ndipo huitwa chunyo, na chunyo ikikauka vizuri hukaa miaka. Magunia saba hutoa gunia moja na kidogo. Gunia hilo moja ndilo lingewalisha kuanzia Oktoba, ghala litakapokuwa tupu, hadi mavuno mapya.

Mama hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimwita Fortunata kando ya kitanda akamweleza mambo yalivyo. Chunyo ikitosha, watakaa wote watatu. Isipotosha, Fortunata ataacha shule mwezi wa Agosti na kwenda jijini El Alto kwa mama mdogo Gregoria, akalee watoto wake, ili hapa nyumbani pawe na mdomo mmoja pungufu.

"Sikutishi," mama alisema. "Nakwambia ili usije ukasema hukuambiwa."

Kisha akamfundisha kazi ambayo miaka yote aliifanya yeye mwenyewe. Tandaza majani makavu kwenye uwanja wa kijitoni. Chagua viazi kwa ukubwa: vidogo peke yao, vikubwa peke yao, kwa sababu vidogo huganda kwa siku mbili na vikubwa huchukua nne. Vipange kimoja kimoja, kisiguse kingine, kila kiazi kipate mbingu yake.

Mjomba Evaristo, kaka yake mama, alibeba magunia kwa punda wake mpaka uwanjani, akayashusha, akaenda kwenye viazi vyake. Fortunata akabaki peke yake kwenye tambarare ile isiyo na mti, upepo ukimchoma masikio. Alichagua gunia la kwanza kama alivyofundishwa. Vidole vilikufa ganzi. Alipoinua macho, magunia sita yalikuwa bado yamesimama, na jua lilikuwa limekwisha kuanza kushuka. Alimfikiria baba asiyepiga simu. Akamfikiria mama mdogo Gregoria na watoto wake wanne. Ikamjia kwamba hata ahangaike vipi, mwisho wake utakuwa uleule.

Basi aliyafungua magunia sita akayamwaga, akavisambaza viazi kwa mguu kama mtu anayesukuma takataka. Vikubwa na vidogo vikalala pamoja, vingine juu ya vingine, vikigusana mbavu. Akakung'uta sketi akarudi nyumbani.

Mama alimuuliza kama amevichagua. Akajibu ndiyo. Alimuuliza kama amevipanga kimoja kimoja. Akajibu ndiyo. Alimuuliza vikubwa ameviweka wapi, na Fortunata, bila hata kupepesa macho, akasema karibu na kijito. Mama akamwambia aje alale karibu naye apate joto. Fortunata hakuwahi kuona joto likiwa zito namna ile.

Siku tatu zilizofuata mbingu ilikuwa safi, na kila alfajiri uwanja ulikuwa mweupe kwa jalidi nene. Watu wa kijiji walifurahi, maana jalidi kama ile haiji kila mwaka. Fortunata alipita mbali na viazi vyake alipopeleka kondoo malishoni. Hakutaka kuviona.

Siku ya nne ilikuwa siku ya kukanyaga. Uwanja wa jirani ulikuwa wa mjomba Evaristo, na binti yake Zenobia, aliyemzidi Fortunata mwaka mmoja, alikuwa tayari juu ya rundo lake, sketi ameikunja magotini, akikanyaga na kuzunguka huku akiongea kama redio. Fortunata alivua viatu. Akakusanya viazi vya gunia lake la kwanza, akavikanyaga. Maji yakatoka, maganda yakateleza, mambo yakaenda. Akakusanya rundo la pili, akapanda juu.

Mara moja alijua. Chini ya kisigino kimoja viazi vilipasuka na kuwa rojo. Chini ya kingine vilikuwa vigumu kama mawe ya mtoni, kwa sababu vilivyolala chini havikuwa vimeguswa na jalidi hata kidogo. Vile vidogo vya juu vilikuwa vimeganda siku tatu na kuyeyuka siku tatu, vikalegea mno. Alikanyaga kwa nguvu zaidi, kana kwamba nguvu ingegeuza kitu. Rojo likapanda mpaka kwenye vifundo vya miguu, baridi kama kisu. Akafukua rundo jingine kwa mikono. Yalikuwa yaleyale. Jingine. Yaleyale.

Zenobia aliona amesimama tu, akaja kuchungulia.

"Ee, binamu," alisema, "hivi ndivyo viazi au ni wageni wa harusi? Mbona wamelala kitanda kimoja?"

Fortunata alichomoa mguu mmoja kwenye rojo.

"Hata kondoo wetu yule kilema angevipanga vizuri kuliko wewe. Shangazi amevi..." Hapo akaona uso wa mwenzake. Alikuna mguu mmoja kwa mwingine. Kisha, kwa sauti ya chini, akamwambia kwamba baba yake amesema upepo umegeuka, sasa unatoka mashariki, na upepo wa mashariki huleta mawingu. Zimebaki siku mbili za jalidi, labda tatu. Mawingu yakifunga, kiazi kilichoganda nusu huoza.

Fortunata aliketi juu ya gunia tupu. Wakati mwingine mtu hulia kwa sababu ana matumaini kwamba atasikiwa. Yeye hakulia. Alitazama tu ule uwanja, akahesabu kwamba akinyamaza, mama hatajua mpaka harufu ifike nyumbani. Na akisema, mama atajua leo. Hakukuwa na njia ya tatu. Akavaa viatu juu ya miguu yenye rojo, akaenda nyumbani polepole kama mtu anayesindikiza maiti.

Wilmer alikuwa sakafuni akicheza na vifuniko vya chupa. Mama alikuwa anasokota sufu kitandani. Fortunata alisimama mlangoni akasema yote kwa pumzi moja: kwamba hakuvichagua, kwamba alivimwaga, kwamba alidanganya siku ileile na kila siku baada yake.

Mama hakupaza sauti. Aliuliza magunia mangapi. Sita. Aliuliza vilivyokuwa rojo ni kiasi gani. Fortunata alisema hajui, labda magunia mawili. Basi Saturnina akaweka sufu kando, akasema, "Nipe fimbo."

"Mama, zahanati imesema..."

"Nipe fimbo, nimesema."

Alijiinua. Akapiga hatua moja kwa mguu mzima, akapeleka mbele ule wa plasta, na goti likakataa. Aliangukia ukingo wa kitanda, akabaki hapo ameinama. Fortunata alikuwa amemwona mama yake akizika mtoto mchanga, na akiuza fahali wa mwisho, na akiagana na baba barabarani, mara zote bila chozi. Sasa alimwona akilia kwa sababu ya viazi, akilia bila kuficha uso, kama mtoto. Wilmer akaacha vifuniko vyake akaenda kumshika kidole.

Ilichukua muda. Kisha mama akajifuta kwa shali, akazungumza kwa sauti iliyokauka.

"Sikiliza, maana sitarudia. Kuna viazi vya aina tatu pale. Vilivyopondeka vimekwenda, wape kondoo. Vilivyoganda sawasawa vifunike kwa majani visilegee, uvikanyage kesho. Vilivyo vibichi, vichague upya leo, kabla jua halijazama, uvipange kule chini kabisa kwenye kingo za kijito. Baridi hushuka kama maji, hukaa mabondeni. Ukivitandaza hapo, siku mbili zinaweza kufanya kazi ya nne. Zinaweza. Siahidi."

Fortunata aliuliza kama amwite mjomba asaidie. Mama akasema mjomba ana viazi vyake na mawingu ni yaleyale. Mtu hawezi kuomba mikono ya mwenzake siku ya jalidi ya mwisho. Mjomba ataweza kuja akimaliza, na hapo watakuwa wamekwisha kujua kama viazi vimepona.

"Nenda," alisema.

Alikwenda akikimbia safari hii, ingawa si kwa matumaini. Alipiga magoti juu ya ardhi iliyoganda akaanza kuchambua kwa mkono. Unabonyeza kiazi kwa kidole gumba: kikitoa maji safi, kimeganda, kikiwa kigumu na kikavu, ni kibichi, kikisambaratika, tupa. Kimoja. Kingine. Kingine. Viazi vya magunia sita ni vingi kuliko mtu anavyofikiri mpaka amevishika kimoja kimoja. Kufikia mchana vidole vilikuwa vimepasuka na kutoa damu. Alivinyonya, akaendelea. Alipomaliza kuchambua, alibeba vibichi kwa shali kwenda kingo za kijito, safari baada ya safari, akatandaza majani, akapanga vidogo huku na vikubwa kule, akiacha kati yao nafasi ya vidole viwili.

Jua lilipokuwa karibu kugusa vilima, bado viazi vya kujaza shali nne vilikuwa vimebaki. Aliinama kujaza moja akakuta nyingine imekwisha kujazwa na kuinuliwa. Zenobia alikuwa ameibeba mgongoni.

"Usinishukuru," Zenobia alisema. "Namwogopa shangazi. Akipona ule mguu atakuja kutupiga wote."

Walipanga mistari ya mwisho bila kuongea. Jambo hilo kwa Zenobia lilikuwa kama kufunga saumu.

Asubuhi ya kwanza jalidi ilikuwa nene kingoni mwa kijito, na Fortunata alipogonga viazi viwili vililia kama kokoto. Alivifunua vile vilivyokuwa tayari tangu jana, akangoja jua livilainishe. Aliviweka marundo madogo, asivipande kwa pupa, akavua viatu. Mguu wa kwanza ulipogusa, baridi ilimpanda mpaka kwenye meno. Alitaka kushuka. Hakushuka. Alikanyaga kwa kisigino, kisha kwa vidole, kisha akageuza unyayo kidogo kama alivyomwona mama akifanya miaka yote, akizunguka rundo, akizunguka.

Baada ya muda miguu iliacha kuuma ikaanza kuwaka moto. Hapo ndipo alipoanza kuvisikia. Kila kiazi kilikaza kwanza, kikasitasita, kisha kikaachia: maji yakaruka kati ya vidole vyake, ganda likateleza likabaki upande mmoja, na chini ya unyayo pakawa na kitu kidogo, kizima, kilichokauka nusu. Hakikuwa rojo wala jiwe. Alikijua bila kukitazama. Akakijua kingine. Miguu yake ilikuwa inachagua yenyewe. Kile ambacho hakijawa tayari ilikisukuma kando, kile kilicho tayari ilikikamua. Maji meusi yalitiririka kutoka kwenye rundo yakachora mfereji kwenye jalidi. Aliteremka, akaona rundo limepungua nusu, akakusanya jingine kabla hajakumbuka kupumzika.

Adhuhuri ilimkuta akiwa amemaliza marundo kumi na moja. Alivitandaza viazi vilivyokamuliwa juu ya majani, akarudi nyuma hatua chache akavitazama. Vilikuwa vimepangika. Hakuna aliyempongeza, maana hakukuwa na mtu, na Zenobia alikuwa mbali akibishana na punda. Lakini kifuani mwake kulikuwa na utulivu ambao hakuujua jina. Kisha akagundua kwamba tangu asubuhi hakuwa amemfikiria baba. Na kwa kugundua hivyo akamfikiria, na maumivu yakarudi yote mahali pake. Yalikuwa yaleyale. Ila sasa yalikuwa na kitu pembeni yake.

Asubuhi ya pili jalidi iliingia mpaka kwenye vikubwa, lakini si vyote. Asubuhi ya tatu mawingu yalikuwa yamefika, yamelala chini kama blanketi chafu, na hewa ilikuwa na uvuguvugu wa kutisha. Hakungoja jua, maana hakukuwa na jua. Alikanyaga tangu mapema mpaka jioni, akila punje za mahindi yaliyokaangwa huku akizunguka. Vilivyokuwa havijaganda kiini alivitoa akavitupa kwa kondoo, na kila alichokitupa alijua ni mlo wa nani. Mjomba Evaristo alikuja alasiri, akatazama, akavua viatu vyake bila neno, akapanda rundo la pili. Walipomaliza, matone ya kwanza ya theluji yenye maji yalikuwa yanaanguka. Walifunika kila kitu kwa majani na maturubai ya mjomba.

Theluji ilikaa siku mbili. Fortunata alikwenda kunusa chini ya maturubai asubuhi na jioni, kama kuna harufu ya kuoza. Siku ya tatu upepo mkavu ulirudi, mbingu ikafunguka, na chunyo ikaanza kukauka.

Wiki mbili baadaye mjomba alimpakia Saturnina juu ya punda, mguu wa plasta ukining'inia kama gogo, akamleta uwanjani. Fortunata alikuwa anasugua chunyo kati ya viganja ili maganda ya mwisho yaondoke. Alisimama. Mama hakumsalimu. Aliomba apewe chache, akazipima mkononi, akagonga mbili, akasikiliza. Akaivunja moja kwa meno akatazama ndani.

"Imekauka," alisema. Kisha akauliza jumla.

Robo tatu ya gunia, Fortunata akajibu. Alikuwa amerudia kuipima mara tatu, haikuongezeka. Alisubiri hukumu akitazama kwato za punda.

Mama alihesabu miezi kwa vidole. Halafu akasema kwamba robo tatu haiwatoshi watu watatu mpaka mavuno. Mwezi wa Januari watakula mara moja kwa siku, na kondoo wawili watauzwa. Itakuwa ngumu, na asije mtu akamwambia Wilmer kwamba haitakuwa ngumu. Akamgeukia kaka yake, akamwomba safari yake ijayo ya El Alto amwambie Gregoria atafute mtu mwingine wa kulea watoto wake.

Fortunata aliinua macho. Hakuthubutu kufurahi.

"Njoo karibu," mama alisema. "Mimi ulinidanganya nikaamini, kwa sababu mimi ni mama yako na nilikuwa kitandani. Jalidi haina masikio. Iliona ulichofanya, si ulichosema, ikakulipa kwa hicho. Magunia mawili yamekwenda, na tutayakumbuka Januari kila tumbo likinguruma. Hilo ndilo la kwanza, lishike." Alipumua. "La pili. Evaristo ameniambia alikuta umekanyaga marundo ishirini peke yako, na hukutaka kushuka. Kweli?"

"Kweli, mama."

"Kwa nini hukutaka kushuka?"

Fortunata alitazama miguu yake. Alisema miguu ilikuwa imejua. Alisema hakujua kusema vizuri, lakini viazi vilipokuwa vinaachia maji alihisi kwamba kuna kitu kimoja, angalau kimoja, kinakwenda kama kinavyotakiwa.

Mama aliitikia kwa kichwa taratibu. "Mimi nimekanyaga miaka ishirini na mitano, na sijawahi kuipenda baridi. Asikudanganye mtu kwamba siku moja utaipenda. Lakini kazi ngumu ukiifanya nusunusu unateseka mara mbili, na mwisho huna kitu. Ukiifanya sawasawa unateseka mara moja, na ndani yake unapewa kile ulichokisikia miguuni. Huo ni ujira wako. Mimi siwezi kukupa, na baba yako, arudi au asirudi, hawezi kukunyang'anya. Ndiyo maana siku zile nilizokuwa na huzuni kuliko zote, sikukosa kuja hapa uwanjani."

Fortunata hakuwa amewahi kujua kwamba mama yake alikuwa na siku kama hizo. Alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaonana naye.

"Haya, nishusheni," Saturnina alisema. "Mguu ndio uliovunjika, mikono ninayo. Hizo zilizobaki hazitajisugua."

Wakamshusha wakamkalisha juu ya majani, mguu ukiwa umenyooshwa. Fortunata akaketi kando yake, akammwagia mama nusu ya fungu lake mapajani, na wote wawili wakaanza kusugua.